Kutengeneza kitabu chenye majalada ya mbao: mwongozo kamili wa ufundi wa Ulaya ya Zama za Kati

Kitabu kilichofungwa Ulaya kati ya karne ya 12 na ya 15 kinashikana kwa uzi, ngozi na mbao. Gundi imo, lakini kazi yake ni ndogo: hata ukiiyeyusha yote, kurasa zitabaki zimeshonwa kwenye kanda za ngozi, na kanda hizo zitabaki zimekazwa kwa vigingi ndani ya mbao za jalada. Anayetaka kujifunza ufundi huu alishike jambo hilo kwanza, kwa sababu kila hatua inayofuata inalitumikia. Vitabu vingi tunavyonunua madukani siku hizi vimeshikwa kwa gundi peke yake mgongoni, na ndiyo maana karatasi zake huanza kung'oka mapema, hasa vikisomwa kila siku.

Ushahidi wa uimara wa kazi ya zamani upo. Injili ya Mtakatifu Cuthbert, kitabu kidogo kilichotengenezwa kaskazini mwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8, kilikutwa ndani ya jeneza la mtakatifu huyo lilipofunguliwa mjini Durham mwaka 1104. Maktaba ya British Library ilikinunua mwaka 2012 kwa pauni milioni 9, na hadi leo kina mbao zake, ngozi yake nyekundu ya mbuzi na mshono wake wa asili. Mshono huo hauna kanda: mafungu ya kurasa yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa uzi, kama walivyofanya Wakristo wa Misri na kama mafundi wa Ethiopia wanavyoendelea kufanya. Baadaye mafundi wa Ulaya walianza kushona juu ya kanda zinazopita mgongoni na kuingia kwenye mbao, na muundo huo ndio nitakaoueleza hapa, kwa namna ulivyokuwa katika karne ya 14 na ya 15.

Pwani yetu nayo ina historia yake ya vitabu vya mkono. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyoandikwa na kupambwa huko. Ufungaji wa misahafu hiyo ni wa mapokeo ya Kiislamu, ambayo hayatumii mbao nzito wala kanda za kupenyeza, na unastahili mwongozo wake wenyewe. Msomaji asichanganye mapokeo hayo mawili katika kitabu kimoja, kwa kuwa kila moja lina mantiki yake ya kubeba uzito.

Vifaa na zana

Kitabu tutakachotengeneza kina ukubwa wa karibu A5, mafungu 12 ya kurasa, na kurasa 192 za kuandikia. Ukubwa huu unamfaa anayeanza, kwa sababu mgongo wake ni mnene kiasi cha kuonyesha mshono vizuri, na mbao zake si nzito.

Waandishi wa Zama za Kati walitumia ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi iliyokwanguliwa na kukaushwa ikiwa imewambwa. Ngozi hiyo hunyonya unyevu na kujikunja, na hiyo ndiyo asili ya mbao nzito na bizimu: viliwekwa ili kuibana. Karatasi ilienea baadaye, na katika karne ya 15 ilikuwa ya kawaida katika vitabu vya mbao, kwa hiyo hatutakuwa tunakwenda kinyume na historia tukiitumia. Tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 100 hadi 120 kwa mita mraba, katika shiti kubwa utakazokata mwenyewe.

Kabla ya kukata, tambua mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Ipinde shiti taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Pale inapokubali kupinda kwa urahisi zaidi, mkunjo wako unaendana na nyuzi. Nyuzi zote za kitabu, za karatasi na za mbao, lazima zielekee kutoka juu kwenda chini, sambamba na mgongo. Karatasi nyingi za A4 za mashine za kuchapa zina nyuzi zinazofuata urefu wake, na ukizikunja kuwa A5 mkunjo utazikata nyuzi hizo. Kitabu kitakuwa kigumu kufunguka, na kurasa zitajikunja karibu na mgongo kila hewa inapokuwa na unyevu. Kosa hili halirekebishiki baada ya kushona, hivyo lizuie mapema. Kata vipande 52 vya milimita 296 kwa 210, nyuzi zikifuata upande wa milimita 210.

Kwa mshono unahitaji uzi wa kitani wenye unene wa karibu nusu milimita, na donge la nta ya nyuki la kuupakia. Uzi wa nailoni haufai: hauchakai, lakini hukata karatasi kama kisu.

Kanda za mshono zilikuwa za ngozi iliyosindikwa kwa shabu, yaani ile chumvi ya mawe ambayo vinyozi hupaka baada ya kunyoa. Ngozi hiyo huwa nyeupe, laini na yenye nguvu ya kupinda mara nyingi bila kukatika. Ukiikosa, tumia ngozi nene ya mbuzi au ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miti, au kamba mbili mbili za katani zenye unene wa milimita 3. Ngozi mbichi ya kuwamba ngoma haifai kwa kazi hii, kwa sababu ikikauka huwa ngumu na huvunjika kwenye maungio. Kwa kufunika jalada, chagua ngozi ya mbuzi iliyosindikwa kwa magome, yenye unene wa karibu milimita 1. Ngozi iliyosindikwa kwa kromu, ambayo ndiyo nyingi sokoni kwa ajili ya viatu na mikoba, haishiki umbo ikiloweshwa wala haipokei alama za chuma cha moto.

Kuhusu mbao, mafundi wa Uingereza walipenda mwaloni. Kwetu mninga ni chaguo bora kuliko zote ninazozijua, kwa kuwa ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana. Mkangazi na mvule pia hufaa. Chagua ubao uliopasuliwa kutoka katikati ya gogo kuelekea kwenye gome, ambao ukiutazama mwishoni utaona mistari ya ukuaji imesimama wima. Ubao uliopasuliwa kwa ubavu hupinda, na ukipinda unalivuta jalada zima.

Zana ni za kawaida: msumeno wenye meno madogo, randa, patasi ya milimita 10 au 12, keekee yenye ncha za milimita 8 na 3, tupa, msasa, maharazi membamba, sindano mbili zenye ncha butu, kisu kikali sana, rula ya chuma, na kipande laini cha mfupa au pembe cha kubania mikunjo.

Gundi ni ya unga wa ngano. Changanya sehemu moja ya unga na sehemu tano za maji baridi, koroga hadi mabuje yaishe, kisha pika kwa moto mdogo kwa muda wa dakika 15 hadi 20 bila kuacha kukoroga. Iache ipoe, ichuje kwa kitambaa, na itumie ndani ya siku mbili tatu. Gundi hii hulainika kwa maji, na hiyo ni faida kubwa: fundi wa kesho anaweza kukifungua kitabu na kukitengeneza bila kukiharibu.

Kukunja na kutoboa

Weka karatasi nne juu ya nyingine, zikunje pamoja katikati na ubane mkunjo kwa mfupa. Hilo ni fungu moja, lenye karatasi nane za kitabu na kurasa 16, kipimo kilichokuwa cha kawaida katika vyumba vya waandishi wa Ulaya. Tengeneza mafungu 12, kisha mengine mawili ya karatasi mbili mbili, moja la mwanzo na moja la mwisho, ambayo yataulinda mwili wa kitabu na kutoa karatasi za kubandika ndani ya majalada. Yabane mafungu yote kati ya mbao mbili chini ya uzito usiku kucha, ili hewa itoke kwenye mikunjo.

Kwa kutoboa, tengeneza kiolezo cha kadi chenye urefu wa milimita 210 na utie alama kwenye milimita 15, 55, 105, 155 na 195. Alama tatu za kati ni za kanda, na mbili za pembeni ni za mafundo ya kugeuzia uzi. Fungua kila fungu katikati, weka kiolezo kwenye mkunjo na utoboe kwa maharazi kutoka ndani kwenda nje. Matundu yawe madogo kiasi cha kuifanya sindano isugue ikipita. Tia alama ndogo ya penseli juu ya kila fungu ili usilipindue kwa bahati mbaya.

Kushona

Fremu ya kushonea inaonekana katika mchoro wa karne ya 12 uliomo katika hati iliyohifadhiwa Bamberg, Ujerumani, na umbo lake halijabadilika sana. Ni ubao wa kitako wenye urefu wa nusu mita, nguzo mbili zilizosimama, na mti unaolala juu yake. Kanda zinafungwa kwenye mti wa juu na kukazwa kwa misumari midogo chini ya ukingo wa kitako, zikiwa zimesimama wima na zimevutika kama waya wa ngoma.

Kata kanda tatu zenye upana wa milimita 12 na unene wa milimita 2 hadi 2.5. Katikati ya kila ukanda, pasua mpasuo wa sentimita 3 kwa urefu wake, ili sehemu itakayokaa mgongoni iwe na nyuzi mbili za ngozi zinazokwenda sambamba. Mpasuo uanzie pale ukanda unapokutana na uso wa kitako, na chini yake kuwe na mkia wa sentimita 10. Juu ya mpasuo kubakie urefu kama huo au zaidi.

Weka fungu la mwanzo juu ya kitako, mgongo wake ukigusa kanda, na uhakikishe matundu matatu ya kati yako sawasawa na mipasuo. Ingiza sindano kutoka nje kupitia tundu la pembeni la kulia, ukiacha mkia wa uzi wa sentimita 8. Mkono wa kushoto uko ndani ya fungu ukiipokea sindano na kuirudisha nje kupitia tundu la kwanza la ukanda.

Hapa ndipo mshono wenyewe unapoanza, na ni vyema uufanye polepole hadi mkono uuzoee. Sindano inatoka kwenye tundu, katikati ya nyuzi mbili za ngozi. Ipitishe nyuma ya uzi wa ngozi wa kushoto, kati yake na karatasi, itokeze upande wa kushoto, ivuke mbele ya nyuzi zote mbili hadi kulia, izunguke nyuma ya ule wa kulia, kisha irudi ndani kupitia tundu lilelile. Ukivuta, uzi wa kitani utakuwa umeukumbatia ukanda mzima. Endelea hivyo kwenye kanda zote tatu na utokee kwenye tundu la pembeni la kushoto.

Vuta uzi kwa kufuata urefu wa mgongo, kuelekea upande unakokwenda mshono. Ukivuta kuelekea kwako, uzi utaikata karatasi kuanzia kwenye tundu na fungu litakuwa limeharibika. Mshono uwe umekazwa bila kuukunja mgongo wa fungu.

Laza fungu la pili juu ya la kwanza, ulishone kwa kurudi kutoka kushoto kwenda kulia, na ukifika mwisho funga uzi pamoja na ule mkia ulioachwa mwanzoni. Kuanzia fungu la tatu, kila unapofika pembeni, pitisha sindano kati ya mafungu mawili ya chini yake, nyuma ya uzi unaoyaunganisha, acha kitanzi kidogo, ingiza sindano ndani ya kitanzi hicho na ukaze. Fundo hili ndilo linaloyashika mafungu kwenye ncha, nalo lisikazwe kupita kiasi, kwa sababu likizidi kukazwa kitabu kitakuwa chembamba pembeni na kinene katikati.

Kuanzia fungu hilohilo la tatu unaweza kuugeuza mshono kuwa ule wa mfupa wa samaki, uliopendwa sana na mafundi wa Zama za Kati. Tofauti ni hatua moja: baada ya uzi kuzunguka ngozi ya kushoto na kabla haujavuka kwenda kulia, sindano inateremshwa na kupitishwa nyuma ya mshono wa fungu la chini, halafu ndipo inapanda na kuendelea. Kwa hatua hiyo kila fungu linafungwa kwenye ukanda na pia kwenye jirani yake, na mistari ya uzi mgongoni inalala mshazari kama miiba ya samaki. Ikiwa baada ya mafungu mawili matatu unaona ngozi ya ukanda ikichungulia kati ya mishono, ongeza mzunguko mmoja wa uzi kwenye kila ukanda. Uzi uliopangwa bila nafasi unauzuia ukanda usipinde kwa pembe kali, na kitabu kinapofunguliwa mgongo wote hupinda kwa upole.

Baada ya kila fungu, gonga mikunjo taratibu kwa mfupa ili mafungu yakae sawa. Uzi ukikaribia kwisha, unga mwingine ndani ya fungu. Ukimaliza fungu la mwisho funga mafundo mawili pembeni, kisha zikate kanda kutoka kwenye fremu ukiacha mikia ya angalau sentimita 8 kila upande.

Mgongo

Simamisha mwili wa kitabu, mgongo ukiwa juu, kati ya mbao mbili zilizobanwa kwa jiliwa au kamba. Paka gundi nyembamba kati ya kanda, isugue kwa kidole iingie kwenye mianya ya mafungu, na ufute yote inayobaki juu. Bandika vipande vya kitani au ngozi nyembamba katika nafasi zilizo kati ya kanda, kisha acha vikauke kabisa. Mgongo utakuwa na mviringo mdogo uliotokana na unene wa uzi, na mviringo huo unatosha. Kuugonga kwa nyundo ili uwe duara ni desturi ya zama za baadaye.

Mbao za jalada

Kata mbao mbili za milimita 216 kwa 150, nyuzi zikisimama wima, na uzipige randa hadi unene wa milimita 8. Ukingo wa ndani unaogusa mgongo uviringishwe kwa tupa ili ukae vizuri dhidi ya uvimbe wa mshono, na kingo tatu za nje zilazwe mshazari kwa randa. Kazi hii ya kingo ndiyo inayolipa jalada umbo lake. Kitabu chenye mbao za kingo kali hukwaruza mkono, na ngozi yake huchanika kwanza hapo.

Weka ubao juu ya mwili wa kitabu, ukizidi kidogo juu, chini na mbele kwa kipimo sawa, na utie alama pale kila ukanda unapokutana nao. Kutoka kwenye ukingo wa mgongo, chonga kwa patasi mfereji wenye upana wa ukanda na kina sawa na unene wake juu ya uso wa nje wa ubao. Mfereji wa katikati uwe na urefu wa milimita 30, na ile miwili ya pembeni milimita 20. Mwishoni mwa kila mfereji toboa kwa keekee tundu la milimita 8 hadi upande wa ndani. Tofauti hiyo ya urefu ni ya lazima: matundu yote yakiwa katika mstari mmoja, ubao utapasuka kwa kufuata nyuzi zake utakapopiga vigingi. Mbao nyingi za kale zina matundu yaliyopishanishwa kwa sababu hiyohiyo.

Chonga vigingi vya mviringo kutoka kwenye mbao ileile, vikiwa vyembamba kidogo mwanzoni. Kata ncha za kanda ziwe kama ulimi, zilaze kwenye mifereji, zipenyeze kwenye matundu na uzivute kutoka ndani. Kabla ya kupiga kigingi chochote, funga kitabu na ukifungue mara kadhaa, ubao ukilala hadi mezani. Kanda zikiwa zimekazwa mno, ubao utakataa kulala. Zikilegea, utaona mwanya kati yake na mgongo na jalada litayumba. Mimi huacha nafasi ndogo ya karibu milimita 1, kwa sababu ngozi ya jalada nayo itahitaji mahali pa kupinda. Ukiridhika, weka tone la gundi kwenye kila tundu, piga vigingi kutoka upande wa ndani kwa nyundo ndogo, pokezana kati ya ubao mmoja na mwingine, kisha kata mabaki na uyasawazishe kwa patasi.

Sasa shona mapindo, moja juu ya mgongo na jingine chini. Chukua kamba ya ngozi yenye unene wa milimita 4, iweke juu ya mgongo, na uishone kwa uzi unaoingia katikati ya kila fungu, unaotoka mgongoni chini kidogo ya fundo la pembeni, na kurudi kuizunguka kamba. Ncha za kamba zipite mshazari kwenye mifereji iliyochongwa pembeni mwa mbao na zikazwe kwa vigingi kama kanda. Mafundi wengi wa kisasa hubandika kitambaa cha rangi mahali hapa kwa ajili ya urembo. Katika kitabu cha Zama za Kati pindo ni sehemu ya mifupa: linauzuia mgongo usilegee kitabu kinaposhikwa juu na kuvutwa.

Kufunika kwa ngozi

Kata ngozi ya sentimita 27 kwa 40. Pembezoni mwake pote, kwa upana wa sentimita 3, ipunguze unene kwa kisu kikali kilicholazwa, upande wa nyama ukiwa juu, hadi ibaki kama nusu ya unene wake. Sehemu itakayokunjwa kwenye ncha za mgongo ipunguzwe zaidi.

Ondoa chuma chochote kwenye meza kabla ya kulowesha ngozi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ina tanini, na ikiwa na maji ikagusa chuma hutoka doa jeusi la buluu ambalo halifutiki. Bakuli liwe la plastiki au udongo, mikono isiwe na vumbi la tupa, na mkasi uwekwe mbali.

Lowesha ngozi kwa sifongo upande wa nje, paka gundi ya ngano upande wa nyama, isubiri dakika kumi iinyonye, kisha paka mara ya pili. Laza mgongo wa kitabu katikati ya ngozi, inua pande zote mbili juu ya mbao na uivute kwa viganja kutoka mgongoni kwenda mbele, bila kuinyoosha kwa nguvu. Halafu shughulikia kanda: kwa mfupa na vidole bana ngozi kila upande wa kila ukanda mpaka ionyeshe matuta yake wazi. Zungusha uzi mnene wa pamba juu ya kitabu kizima, pembeni mwa kila tuta, na uufunge kwenye ukingo wa mbele ukiwa umeweka vijiti kati ya uzi na mbao ili usikate ngozi. Alama za uzi huu bado zinaonekana kwenye majalada mengi ya kale, nazo si dosari.

Kunja kingo ndani, kwanza juu na chini, kisha mbele. Kwenye mgongo, sukuma ngozi iliyokunjwa iingie kati ya pindo na mshono na uifinyange ilifunike pindo kwa kofia ndogo. Kwenye pembe, kata ngozi kwa mshazari ukiacha unene wa ubao mmoja na nusu kutoka kwenye ncha, ili pande mbili zikutane bila kupandana. Ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, fungua kila ubao mara moja hadi usimame wima, ufunge, weka karatasi safi kati ya jalada na kurasa, na uache kitabu kikauke polepole kivulini chini ya uzito mdogo. Usikianike juani: ngozi ikikauka haraka husinyaa kwa nguvu na kuzipinda mbao.

Siku inayofuata unaweza kuweka mapambo. Yaliyokuwa ya kawaida zaidi hayakuwa na dhahabu: mistari miwili miwili sambamba iliyozunguka kingo na kukatiza mshazari katikati, iliyopigwa kwa chombo cha shaba chenye joto juu ya ngozi yenye unyevu. Joto liwe la wastani. Ukigusa chombo kwenye kitambaa chenye maji kikatoa sauti ya kuungua, subiri kipoe.

Bizimu

Kata kanda mbili za ngozi zenye upana wa milimita 12, zikunje mara mbili zikiwa na kipande cha ngozi kavu ngumu katikati, na uzishone. Mwisho mmoja wa kila ukanda ukazwe kwa misumari midogo ya shaba kwenye ukingo wa mbele wa ubao, sentimita 5 kutoka juu na sentimita 5 kutoka chini. Mwisho wa pili upate ndoano ya bati la shaba la milimita 1. Kwenye ubao wa pili weka kipande cha shaba chenye tundu au kipini cha kupokea ndoano. Uingereza na Ufaransa ukanda ulianzia ubao wa juu na kushikia ubao wa chini. Ujerumani na Uholanzi ilikuwa kinyume chake. Chagua moja na uifuate katika kitabu chote.

Pima urefu wa ukanda kitabu kikiwa kimebanwa kwa kiganja. Bizimu ishike pale tu unapokibonyeza kidogo, na ukiachia mkono ibaki imekazwa kwa msukumo wa kurasa zenyewe. Ikishika bila kubonyezwa, haifanyi kazi yake.

Karatasi ya kwanza na ya mwisho ya kitabu usizibandike mapema. Acha kitabu kikae wiki kadhaa kikiwa kimefungwa kwa bizimu na kulazwa bapa, kisha kagua vigingi kwa upande wa ndani: kilichochomoza kisawazishwe, kilicholegea kitolewe na kubadilishwa. Mbao zikiwa zimetulia, paka gundi nyembamba kwenye karatasi hizo na uzibandike juu ya vigingi, misumari ya shaba na kingo za ngozi. Karatasi hiyo ikikauka huuvuta ubao kuelekea ndani, na hivyo kupunguza mvuto wa ngozi iliyo nje. Weka karatasi ya kunyonya maji kati ya jalada na ukurasa unaofuata, funga bizimu, na ubadilishe karatasi hiyo kila baada ya saa chache za mwanzo hadi isitoke tena na unyevu.